Mafuta ya sentetiki kwenye motere: wakati gani inafaa kubadilisha, na namna gani

Kwenye magaraji ya Bukavu, Goma, Uvira, Butembo na Bunia, siku ya vidanje kuko swali moja ambalo halikosi: "Niendelee na ile mafuta ya siku zote, ao niweke sentetiki?" Fundi mmoja anakujibu kwamba sentetiki itaua motere ya zamani. Mwingine anakuambia: "Weka tu ile ya nguvu, motere itapona." Muuzaji wa duka naye anakuonyesha bidoni yenye bei mara mbili. Katikati ya hao watatu amesimama mwenye gari, na mara nyingi gari hiyo ndiyo inalipa masomo ya watoto.

Jibu la kweli liko katikati. Sentetiki ni mafuta mazuri, tena kuko motere ambazo zinaihitaji kabisa. Lakini si dawa ya motere mgonjwa, na haimpi mtu ruhusa ya kusahau vidanje. Mbele ya kutoa feza, inafaa kujua mambo matatu: namba gani motere yako inaomba, hali ya motere yenyewe iko namna gani, na kilometa ngapi utatembea na hayo mafuta kwenye barabara zetu.

Sentetiki ni kitu gani?

Mafuta yote ya motere yako na sehemu mbili: mafuta ya msingi, na dawa ambazo kiwanda kinachanganya ndani. Dawa hizo ndizo zinasafisha, zinazuia kutu, zinashikilia masizi ili yasigandamane, na zinalinda chuma pale ambapo chuma kinasugua chuma kingine. Tofauti ya minerali na sentetiki iko zaidi kwenye ile sehemu ya kwanza, yaani msingi.

Minerali inatoka kwenye petroli ghafi ambayo kiwanda kimesafisha. Hata baada ya kusafishwa, ndani kunabaki chembe za kila namna: kuko ndogo ambazo zinapotea kama mvuke motere ikipata moto, kuko ambazo zinaganda kwa baridi, na kuko ambazo zinaungua na kugeuka matope meusi. Sentetiki, chembe zake zinatengenezwa ao kugeuzwa kiwandani mpaka zinakaribia kufanana. Mtu aliyejenga na mawe ya volkeno kule Goma atafahamu haraka: mawe hayalingani, ukuta unakula simenti mingi, lakini matofali ya kipimo kimoja yanapangika sawasawa. Ndiyo sababu sentetiki inavumilia moto zaidi, inapungua kidogo zaidi kwa mvuke, na inakawia kuharibika.

Ufundi huu si wa jana. Ujerumani ilitengeneza mafuta ya namna hii wakati wa Vita ya Pili ya Dunia, juu ya ukosefu wa petroli. Kisha ndege za jeti ziliyahitaji, sababu minerali haikuvumilia moto wa motere zao. Kwenye magari ya watu, yalianza kujulikana miaka ya 1970: Motul ilitoa 300V katika mwaka 1971, na Mobil ikatoa Mobil 1 katika mwaka 1974.

Jambo moja ambalo wauzaji hawaelezi: neno "sentetiki" halina maana moja kila mahali. Kuko sentetiki ambayo chembe zake zimeundwa kabisa kiwandani, na kuko ile inayotoka kwenye petroli ghafi lakini imegeuzwa kwa nguvu sana kwa njia ya hidrojeni. Marekani, katika mwaka 1999, kampuni Mobil na Castrol zilibishana juu ya neno hilo mbele ya kamati inayochunguza matangazo ya biashara, na Castrol ikapata haki: ile namna ya pili nayo iliruhusiwa kuitwa sentetiki. Ujerumani wao walibaki wakali zaidi. Ndio maana mabidoni mawili yenye neno moja yanaweza kuwa na bei mbalimbali. Ile inaitwa nusu-sentetiki ni mchanganyiko wa minerali na sentetiki, na mara nyingi bidoni haisemi kila moja imeingia kwa kiasi gani.

Angalia namba mbele ya kuangalia jina

Kosa kubwa si kuchagua minerali ao sentetiki. Kosa kubwa ni kuchagua namba mbaya. Kwenye bidoni utasoma 5W-30, 10W-40, 15W-40 ao 20W-50. Namba ya kwanza, yenye W, inaeleza namna mafuta yanatembea wakati wa baridi. Hiyo W ni ya neno la Kiingereza lenye kumaanisha majira ya baridi. Mafuta ya 15W yanapimwa kwenye digrii 20 chini ya sifuri, yale ya 5W kwenye digrii 30 chini ya sifuri. Hapa kwetu hata usiku wa Lubero haufike huko. Lakini namba ndogo iko na faida hata kwetu: asubuhi ukiwasha gari, mafuta yanapanda juu ya motere haraka zaidi, na ni katika hizo sekunde za kwanza chuma kinaumia sana.

Namba ya pili, yaani 30, 40 ao 50, inaeleza uzito wa mafuta motere ikiwa moto, kwenye digrii 100. Hapo tusikilizane vizuri: sentetiki yenye 40 na minerali yenye 40 zinaingia kwenye kipimo kimoja cha uzito motere ikiwa moto. Kwa hiyo, mtu akisema "sentetiki ni nyepesi sana kama maji", mara nyingi alikuwa na 20W-50, akaruka moja kwa moja mpaka 5W-30, halafu akashitaki neno sentetiki. Kilichobadilika ni namba.

Namba ya gari yako iko kwenye kitabu cha gari, na wakati mwingine kwenye kifuniko cha kutilia mafuta. Magari mengi ya Japani yanafika huku bila kitabu, ao na kitabu cha Kijapani. Hata hivyo namba zinasomeka mahali popote, kwa sababu ni zile zile dunia nzima. Mara nyingi kitabu kinaruhusu namba zaidi ya moja, kufuatana na joto la inchi.

Tazama pia herufi za API. Ikianza na S, ni ya motere ya esansi: SL, SM, SN, SP. Ikianza na C, ni ya mazutu: CF-4, CH-4, CI-4, CK-4. Herufi ya pili ikiendelea mbele kwenye alfabeti, mafuta yanafuata sheria mpya zaidi. SN ni ya mwaka 2010, SP ni ya mwaka 2020. Minerali yenye namba sawa na herufi sawa ni bora kuliko "sentetiki" ambayo haina herufi hata moja mgongoni.

Maneno ya garaji na ukweli wake

"Ukiweka sentetiki, hautarudi tena kwenye minerali." Si kweli. Unaweza kurudi wakati wa vidanje yoyote, ukiheshimu namba na herufi.

"Zikikutana, zinaganda." Hapana. Sentetiki za kawaida za magari zinachanganyika na minerali. Nusu-sentetiki yenyewe ni ushuhuda. Ukiwa njiani kati ya Kanyabayonga na Butembo, mafuta yamepungua, na umepata tu minerali ya namba ile ile, ongeza uendelee. Ni bora kuchanganya kuliko kutembeza motere yenye kiu. Hasara ni kwamba faida ya sentetiki inapungua, basi.

"Inaleta kuvuja." Hapa kuko ukweli kidogo. Sentetiki za zamani zilikuwa na shida na ile mipira ya kuzuia mafuta, ile mafundi wanaita spi. Za leo zimewekwa dawa za kulinda mipira hiyo. Lakini kama spi imekwisha kukauka na kupasuka, na ni matope meusi tu yaliyokuwa yanaziba ufa, mafuta yanayosafisha vizuri yatatoa hayo matope na gari itaanza kudondosha. Sentetiki haikutoboa kitu. Imeonyesha ugonjwa uliokuwa umefichama. Hata hivyo bei ya kuutengeneza utalipa wewe, kwa hiyo ni vizuri kujua mbele.

"Mafuta yakikuwa meusi, yameharibika." Si lazima. Motere ya mazutu inaweza kuyafanya meusi katika siku chache tu, sababu mafuta yanashikilia masizi, na hiyo ndiyo kazi yake. Rangi peke yake haitoshi kuhukumu. Lakini mafuta yakikuwa kama maziwa ya kahawa, simama: maji yameingia ndani ya motere.

Gari gani inafaidika?

Wa kwanza ni wenye motere za turbo, zaidi sana za mazutu. Mhimili wa turbo unaweza kupita mizunguko 100,000 kwa dakika moja, na mafuta yanayopita pale yanapata moto mkali. Fikiria gari yenye mizigo inayotoka kwenye joto la bonde la Ruzizi na kupanda Ngomo kuelekea Bukavu kwa vitesi ndogo. Pale ndipo minerali inaungua na kuacha makaa kwenye njia nyembamba za mafuta. Sentetiki inavumilia zaidi. Na hata ukiwa nayo, ukimaliza kupanda usizime motere saa ile ile. Iache izunguke polepole dakika moja ao mbili.

Wa pili ni wenye magari ya karibuni ambayo kitabu chao kinaomba 0W-20 ao 5W-30. Kwa 0W-20, karibu hautapata minerali ya kweli ya namba hiyo. Kuweka 20W-50 ndani ya motere ya namna hiyo "juu ya joto la kwetu" ni kuibana: njia zake za mafuta ni nyembamba. Na magari ya mazutu ya Ulaya yenye filtere ya moshi yanaomba mafuta ya pekee yenye alama ya C kwenye mustari wa ACEA, kama C3.

Wa tatu ni mateksi yanayosimama na kuondoka siku nzima ndani ya muji, motere ikiwaka bila gari kutembea sana.

Lakini gari ya zamani yenye motere rahisi, isiyo na turbo, ambayo kitabu chake kinakubali 15W-40 ao 20W-50, inaweza kuishi miaka mingi na minerali nzuri, mradi vidanje ifanyike kwa wakati. Na motere inayokula litri moja kila wiki kwa sababu segma zimekwisha, kuipa sentetiki ni kuchoma feza kwenye eshapma.

Mbele ya kubadilisha, pima motere

Lala chini ya gari na tochi, uangalie karteri na pembe zote: kama kuko unyevu wa mafuta, tengeneza kwanza. Washa motere asubuhi mtu mwingine akiangalia nyuma: moshi wa bluu maana yake mafuta yanaungua. Fungua kifuniko cha juu cha kutilia mafuta, uweke tochi ndani. Ukiona rangi ya asali ao kahawia safi, hali ni nzuri. Ukiona matope meusi mazito kama mafuta ya chasi, motere hiyo imekosa vidanje kwa miaka.

Kwa motere yenye matope, usikubali fundi aoshe ndani na esansi ao mazutu huku motere ikizunguka. Desturi hiyo inaondoa ulinzi wote kwenye kusine na inaweza kung'oa vipande vinavyokwenda kuziba kichujio cha pompi ya mafuta. Njia ya salama ni ya uvumilivu: weka mafuta ya kawaida ya namba sawa, na filtere mpya, utembee kilometa 1,500 ao 2,000, umwage. Rudia mara mbili ao tatu. Matope yataondoka kidogo kidogo. Kisha ndipo ulete sentetiki.

Motere iliyotoka kufunguliwa na kuwekwa segma mpya, nayo isianzishwe na sentetiki ya bei kali. Mafundi wengi wanaweka minerali kwa kilometa za kwanza ili segma zikae vizuri kwenye silinda, wanamwaga, kisha wanaendelea.

Siku ya vidanje

Kazi yenyewe haina siri. Tembeza gari mpaka motere ipate moto kidogo, kisha uisimamishe mahali pa sawa. Kwenye vilima vya Bukavu jambo hili si dogo, sababu gari ikiinama mafuta hayatoki yote, na joji itakudanganya. Fungua buloni ya karteri, acha mafuta yatoke mpaka yabaki matone. Badilisha filtere ya mafuta siku hiyo hiyo: filtere ya zamani inabaki na mafuta machafu ndani, na hakuna maana kuyachanganya na mafuta ya bei. Weka rondeli mpya kwenye buloni, na usikaze kwa hasira.

Mimina kwa kipimo cha motere, si kwa kipimo cha bidoni. Kwa mfano, motere ya Toyota 1NZ-FE, ile iko kwenye Probox na Ist nyingi, inachukua karibu litri 3.7 pamoja na filtere. Anayemwaga bidoni nzima ya litri 4 amepitisha. Mafuta yakipita alama ya juu yanapigwa na vilibreke na kutoa povu, na povu hailindi kitu. Washa motere, hakikisha taa nyekundu ya mafuta kwenye tablo imezima, tazama chini kama hakuna kinachodondoka, zima, ngoja dakika tano, upime tena na joji.

Kisha rudi kupima kila juma kwa mwezi wa kwanza. Kama motere ilikuwa na ufa uliofichama, ni wakati huo utaonekana. Andika tarehe, kilometraji na namba ya mafuta kwenye karatasi, uibandike ndani ya kapo.

Kilometa ngapi?

Hapa ndipo watu wengi wanapoteza faida. Bidoni inasema kilometa 15,000, mtu anaamini. Hizo ni kilometa za barabara safi, esansi safi na hewa safi. Vitabu vya magari vyenyewe vinaomba kupunguza muda kwa matumizi magumu: vumbi, mizigo, safari fupi fupi, msongamano. Hayo yote ndiyo maisha yetu ya kila siku. Vumbi ya wakati wa jua ni mchanga mwembamba, na filtere ya hewa iliyopasuka inauingiza moja kwa moja kwenye silinda; hakuna mafuta ya bei yoyote yatazuia mchanga kula chuma. Esansi ya kununua kando ya barabara kwa wale tunaita Kadhafi inaweza kuwa na maji ao mchanganyiko, na mazutu yenye salfuri mingi inatoa asidi ambayo inamaliza haraka dawa za ndani ya mafuta.

Tufanye hesabu kwa mfano tu. Wewe weka bei za kwenu. Tuseme minerali ni dola 20 na sentetiki dola 40, filtere ikiwa dola 5. Kwa kilometa 30,000, minerali kila kilometa 5,000 ni vidanje sita, yaani dola 150. Sentetiki kila kilometa 5,000 ni dola 270. Ukiitembeza kilometa 7,500, ni vidanje nne, dola 180. Ukifika 10,000, ni vidanje tatu, dola 135. Kwenye karatasi, ile ya mwisho inashinda. Lakini kwa teksi ya barabara ya vumbi, 10,000 ni kucheza na motere. Kwa gari yenye filtere nzuri ya hewa na motere isiyokula mafuta, 7,500 ni kipimo cha busara. Ukiona unalipa dola 30 zaidi kwa kulinda turbo, inaeleweka. Ukiwa hauna turbo na feza ni kidogo, minerali nzuri kila 5,000 inakushinda kwa usalama kuliko sentetiki iliyosahauliwa mpaka 15,000.

Jihadhari na bidoni ya uongo

Kadiri mafuta yanavyokuwa ya bei, ndivyo wezi wanavyoyapenda. Kuko watu wanaokusanya mabidoni matupu ya majina makubwa, wanatia mafuta ya bei ndogo ao hata yale yaliyotumika na kuchujwa. Angalia kifuniko: pete yake isiwe imekatika ao kugandishwa tena. Angalia namba ya kutengenezwa, isiwe imefutwa. Bei ikiwa chini sana kuliko maduka yote, jiulize sababu. Nunua mahali ambapo unaweza kurudi kudai. Na wewe mwenyewe, kisha vidanje, toboa bidoni yako tupu kwa kisu. Hivyo haitarudi sokoni na jina la uongo.

Na wamotari?

Ndugu motari, usichukue sentetiki ya gari kwa sababu ni ya bei. Kwenye pikipiki nyingi za 4T, mafuta ya motere ndiyo yanaosha pia ambreyaji na bwati. Mafuta ya gari ya kupunguza matumizi ya esansi yana dawa za utelezi, na ambreyaji inaanza kuteleza: motere inalia, pikipiki haiendi. Tafuta alama ya JASO MA ao MA2. JASO MB si ya pikipiki zenye ambreyaji inayoogelea kwenye mafuta.

Mafuta yaliyotoka yaende wapi?

Yasiende kwenye mfereji. Mfereji wa Goma na Bukavu unaishia Ziwa Kivu, ule wa Uvira unaishia Ziwa Tanganyika, na ni maji hayo hayo tunachota. Mafuta yaliyotumika yana chuma na masizi ndani. Sentetiki nayo ni sumu vilevile. Yaweke kwenye bidoni yenye kifuniko, uyaache kwa garaji inayoyakusanya, na nawa mikono na sabuni.

Kwa ufupi, fuata mpango huu: soma namba, pima motere, tengeneza kinachovuja, kisha chagua mafuta ambayo utaweza kuyalipa tena kwenye vidanje inayofuata. Kuweka sentetiki mara moja kwa furaha na kukosa feza ya kuibadilisha kwa wakati hakusaidii motere. Nayo motere haijui jina la bidoni. Inajua tu kama mafuta ni safi, yanatosha, na ni ya namba yake.